Chama Si Duka la Fulana

"Leseni ninayo, mshahara unaingia, chama cha nini?" Kauli hii haikosekani wodini, hasa makato yanapotajwa. Anayeitoa hujiona mjanja. Hajui kwamba hata hiyo leseni anayojivunia imetokana na chama.

Mwaka 1887, Ethel Bedford Fenwick, aliyekuwa matroni wa hospitali ya St Bartholomew's ya London, alianzisha na wenzake chama cha wauguzi Uingereza. Dai lao kubwa lilikuwa muuguzi aliyesomea kazi aandikwe katika daftari la taifa, ili si kila anayefunga aproni ajiite muuguzi. Miongoni mwa waliowapinga alikuwamo Florence Nightingale mwenyewe, aliyeamini kuwa tabia njema haipimwi kwa mtihani. Ikawa vuta nikuvute ya miaka 32. Sheria ilipita mwaka 1919, na daftari lilipofunguliwa jina la kwanza kuandikwa lilikuwa la Fenwick. Sisi kila Mei 12 tunawasha mishumaa kwa heshima ya Nightingale, na sina ugomvi na hilo, anastahili. Ila huyu mwingine hata jina lake wengi hatulijui.

Kosa jingine la anayetoa kauli ile ni kuvichanganya vyombo vitatu visivyofanana. Hapa Tanzania, Baraza la Uuguzi na Ukunga halikuwekwa kwa ajili yako. Limewekwa kumlinda mgonjwa dhidi yako. Likikuita, hukuitiwa chai. Chama cha wafanyakazi, kama TUGHE, hupigania maslahi. Wauguzi wa Kenya walipogoma mwaka 2017, kuanzia Juni hadi Novemba, waliongozwa na chama chao cha wafanyakazi, na ugomvi ulikuwa mkataba wa pamoja wa malipo. Haki yao kabisa.

Sasa niulize: nani anayesema kwa niaba yetu inapoamuliwa muuguzi afundishwe nini, aruhusiwe kufanya nini bila kumsubiri daktari, au zamu ya usiku iwe na wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi? Hayo si ya posho wala ya nidhamu. Ni ya taaluma, na ndiyo kazi ya chama cha taaluma kama TANNA. Fenwick alilijua hilo. Mwaka 1899 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ICN, ambalo leo limeunganisha vyama vya kitaifa zaidi ya 130 na ambalo kanuni zake za maadili, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953, zinafundishwa vyuoni. Chama kikikosa watu, kiti chetu mezani hakibaki wazi. Anakikalia mtu ambaye hajawahi kupokea zamu hata siku moja.

Najua jibu linalokuja: viongozi wenyewe hatuwaoni, isipokuwa uchaguzi ukikaribia au fulana za maadhimisho zikigawiwa. Malalamiko hayo nayakubali, tena mengine ni ya kweli kuliko viongozi wanavyopenda kukiri. Lakini tazama mantiki yake. Muuguzi anajitoa kwa sababu chama ni dhaifu, kisha mwaka unaofuata anatoa udhaifu huohuo kama ushahidi kwamba alifanya vyema kujitoa. Na siku wenzake wakipata jambo, halipiti likiuliza nani alilipa ada. Naye atalidandia kimyakimya.

Anayeuliza chama kimempa nini anakiendea kama duka: nalipa, nipe changu. Aulize swali gumu zaidi, na aulizie mahali linapouma, kwenye mkutano mkuu, akiwa na kadi hai mkononi. Mwaka huu fulana zimetugharimu kiasi gani, na kiasi gani kimetengwa kwa wakili wa kumtetea muuguzi anayeshtakiwa kwa kosa la wodi iliyokuwa na mtu mmoja usiku kucha? Mweka hazina halazimiki kumjibu mpita njia.