Antene tulikwisha kulipa

Ndugu wafanyakazi, ba mama na vijana wa mitaa ya mine, tunasikia tena ku radio kama Serikali inataka kufikisha intaneti ya mwendo wa kasi kila pahali mu inchi, hata huku Lualaba na Haut-Katanga. Sendika hailipingi jambo hilo. Mtoto wetu anatafuta matokeo ya Examen d'État mu simu. Mtu wa sous-traitance anatumiwa contrat ku WhatsApp, haifunguke, na mukubwa anamuambia atie sahihi leo leo.

Waya ya WACS ilitoka baharini ikafika Muanda mu 2013. Fibre ikavutwa mpaka Lubumbashi na Kasumbalesa. Inapita karibu na milango yetu. Ku biro ya kampuni, picha zinafunguka mara moja. Ku camp, nyuma ya ukuta, unapanda juu ya kichuguu ndiyo ujumbe utoke.

Lakini nani atalipa? Hapo ndipo tuangalie vizuri.

Mu 2020 tulianza kukatwa RAM: simu ya 2G dola 1 kwa mwaka, simu ya 3G ao 4G dola 7. Hakuna aliyeulizwa. Unatia unité jioni upate kumuita bibi, asubui unakuta zimekwisha. Watu walilalamika, ba députés nao, na mu 2022 ikaondolewa. Sisi hatujaona hata franga moja kurudi.

Tena, sheria ya télécom ya Novemba 2020 iliweka mfuko wa service universel, FDSU. Kampuni za simu ndizo zinatakiwa kuchanga humo, ili antene zifike pahali ambapo hazioni faida. Na pesa za kampuni hizo zinatoka wapi, kama si ku unité zetu?

Sasa mu vikao vya mtaa tunasikia watu wakisema: tuchukue ile 0,3% ya mauzo ambayo Code minier ya 2018 inalazimisha kampuni ya mine itoe kwa maendeleo ya wakaaji, tujenge antene. Apana. Wenzetu wanasema intaneti nayo ni maendeleo. Ni kweli, hatubishane nao. Lakini mama anaamuka saa kumi ya usiku kutafuta maji, na maternité haina kitanda. Tukimaliza pesa hiyo ku antene, tutamuambia nini?

Tunaomba FDSU ibandike ku commune orodha ya mitaa itakayopata antene, pamoja na tarehe. Ba délégués wetu watauliza hilo mu kikao kinachokuja cha cahier des charges. Kama kwenu simu haishike, mpelekee délégué wako jina la mtaa mbele ya siku hiyo.