Wenye Maduka, Kiwanda Kimepiga Hodi kwa Mteja Wenu

Ndugu zangu wa Kariakoo, nanyi wa Mwanza, Mbeya, Tabora na Kigoma mnaokuja kufunga mzigo hapo, furaha yenu ya mwezi Julai 2025 niliisikia. Serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwamo ya jumla na rejareja. Mgeni atakayekaidi atozwe faini isiyopungua shilingi milioni 10, au afungwe hadi miezi 6, na kibali chake kifutwe. Raia atakayemficha naye ana faini yake, milioni 5. Mlifurahi kwa haki. Mtu aliyeingia nchini kwa kibali cha mwekezaji, kisha akakutwa kwenye fremu akiuza vijiko na maua ya plastiki pisi moja moja, hakuja kuwekeza.

Ila niruhusuni niseme lisilopendeza. Amri ile imemtoa mgeni kwenye fremu. Haikumtoa kwenye simu ya mteja wenu, na soko linahamia huko.

Tazameni kazi yenu ilivyokuwa. Kiwanda cha Guangdong hakikuwa na habari na mtu anayetaka kikombe kimoja. Kiliuza katoni, na mara nyingine kontena zima. Hapo ndipo mlipoingia ninyi. Mlipanda ndege hadi Guangzhou, mkazunguka masoko ya Yiwu hadi miguu ikavimba, mkalipa mkalimani, wakala wa mizigo, meli, bandari na ushuru, kisha mkarudi kulipa kilemba cha fremu na pango. Katoni ikafunguliwa, dazeni ikagawanywa, na mama wa Mbagala akapata kikombe chake kimoja. Cha juu mlichoweka kilikuwa ujira wa kazi hiyo, tena ujira halali.

Leo katoni inafunguliwa kule kule ilikotengenezwa. Kwa KiKUU, AliExpress na sasa Temu, mtu wa Tabata huchagua kiatu akiwa kitandani, akalipa, akasubiri. Asiyeziamini programu hizo humtafuta wakala aliyeko Guangzhou anayekusanya vifurushi vya watu, akatozwa kwa kilo vikija kwa ndege na kwa ujazo vikija kwa meli. Wanafunzi wa vyuo wanakusanya oda za wenzao kwenye makundi ya WhatsApp na kuagiza kwa pamoja. Hawa hawana fremu, hawana kilemba, hawamlipi mlinzi wa usiku.

Nilikuwa dukani siku moja Mtaa wa Aggrey, akaingia dada mmoja kuulizia spika ndogo ya bluetooth. Akatajiwa elfu arobaini na tano. Akafungua simu yake, akamwonyesha kijana wa kaunta spika ile ile, rangi ile ile, hata kosa la herufi kwenye boksi ni lile lile. Bei yake pamoja na usafiri haikufika elfu ishirini na tano. Kijana akacheka: "Basi dada, kanunue huko huko China." Dada akajibu, "Haya kaka, asante," akatoka. Kijana alidhani amempiga kijembe, kumbe amemwelekeza njia.

Angeweza kumwambia hivi: dada yangu, hiyo ya kwenye simu utaisubiri wiki kadhaa, na ikifika imekufa utamrudishia nani? Hii tuiwashe hapa hapa uisikie, na ikikusumbua ndani ya miezi mitatu niletee nikubadilishie. Hakuyasema hayo, na nashuku hakuyasema kwa sababu yasingekuwa kweli. Risiti ya duka lile, kama risiti za maduka yasiyohesabika mjini, ilikuwa na maandishi chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Sasa, ikiwa mteja akinunua kwenu harudishi, na akinunua kwa kiwanda harudishi, mnataka awalipe elfu ishirini ya ziada kwa kitu gani?

Hapa ndipo kidonda kilipo, na hakuna waziri wa kukitibu. Biashara yetu kwa miaka mingi imekula kwa jasho, lakini pia imekula kwa mteja kutojua bei. Winga, yule dalali wa mtaani, anamdaka mtu tangu kituo cha basi, anampitisha maduka matatu ambayo si yake, na kila duka linaongeza fungu la winga juu ya fungu lake. Simu moja inaambiwa ni orijino asubuhi, jioni fundi akiifungua anaguna. Sisemi wote mko hivyo; nawajua wenye maduka wanaomrudishia mteja chenji aliyoisahau juzi. Lakini sifa ya mtaa hujengwa na wengi, na mteja aliyechomwa Msimbazi hamuulizi mtu wa Sikukuu kama yeye ni mwema.

Jirani zetu wa Nairobi walionja haya mapema. Mwanzoni mwa 2023 duka la China Square lilifunguliwa katika jengo la Unicity, kando ya barabara ya Thika, likiuza vyombo vya nyumbani vilivyotoka moja kwa moja kwa watengenezaji. Watu walijaa. Wafanyabiashara wa mjini wakaandamana, na Waziri wa Biashara wa wakati huo, Moses Kuria, akasema Wachina wanakaribishwa Kenya kama watengenezaji, si kama wachuuzi. Duka lilifungwa kwa muda mfupi, likafunguliwa tena, na baadaye likaongeza matawi. Waandamanaji walikuwa na hoja nzuri juu ya ajira. Foleni ya wanunuzi, Wakenya kwa Wakenya, nayo ilikuwa na hoja yake.

Kuna jambo moja ambalo Serikali haina budi kulisikia, nalo ni kodi. Nguo inayoingia Afrika Mashariki kutoka nje imewekewa ushuru wa asilimia 35 tangu Julai 2022, na hapa kwetu VAT ya asilimia 18 inafuata. Mwenye kontena analipa, kisha anawekewa mashine ya risiti ya EFD kaunta na kutembelewa na maofisa. Kifurushi cha mtu mmoja nacho kihesabiwe kwa thamani yake kama kontena linavyohesabiwa. Wakubwa wenyewe wameliona hili. Marekani ilikuwa ikiruhusu kifurushi kisichozidi dola 800 kuingia bila ushuru. Katika mwaka mmoja vikaingia zaidi ya bilioni moja. Mei 2025 wakaifuta ruhusa hiyo kwa bidhaa za China, na Agosti mwaka huo huo kwa nchi zote. Afrika Kusini ilianza Septemba 2024 kutoza VAT vifurushi vya nguo za bei ndogo. Hawakuzima intaneti, walisema anayewauzia watu wetu alipe kama duka letu linavyolipa. Dai la namna hiyo lina nguvu kuliko la kufukuza watu, na haliwezi kutuletea ugomvi na jirani kama amri ya Julai ilivyotuletea na Kenya, iliyosema amri hiyo inakwenda kinyume na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki.

Lakini kodi ikisawazishwa kesho, bado mtabaki na swali la dada wa Aggrey, na uzio peke yake haulijibu. Pwani hii imewahi kuwekewa uzio kabla yetu. Katika mkataba wa 1839 na Waingereza, Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar, aliwazuia wasinunue pembe za ndovu na sandarusi katika pwani ya Mrima, toka Mtangata hadi Kilwa. Uzio ule uliwasaidia wenyeji wa biashara, nani atabisha? Ila angalieni pia namna mali ilivyotembea. Mmarekani aliyeshusha majora ya merekani Unguja, yaliyofumwa Massachusetts, hakuweza kuyafikisha Tabora. Aliwakopesha wafanyabiashara wa Kihindi, nao wakawakopesha wenye misafara, na kila mmoja alijua nani analipa na nani ni mdanganyifu. Elimu hiyo Mmarekani hakuwa nayo hata chembe, na aliilipia. (Kwamba misafara hiyo ilibeba pia mateso ya watumwa ni habari ya kulaani, na siipitii kimya.)

Ninyi elimu hiyo mnayo mpaka leo, mnaiita mali kauli. Mwenye duka la jumla anampa mama wa Chanika mzigo wa laki tano kwa neno lake tu, auze, alete Jumamosi. Kiwanda cha Yiwu hakimjui mama huyo wala mume wake wala mjumbe wake wa nyumba kumi. Mnunuzi anayetoka Lubumbashi naye angeweza kwenda Guangzhou mwenyewe, na wengi huenda. Anayerudi Kariakoo anarudi kwa sababu mzigo anauona kwa macho, anafunga aina kumi kwa siku moja, na akipungukiwa kuna mtu wa kumdhamini.

Basi jengeni juu ya elimu hiyo. Wenye maduka ya vifaa vya umeme wa mtaa mmoja wakiungana kumi, wanaagiza kwa wingi unaokilazimisha kiwanda kuwasikiliza: kilete spea pamoja na mashine, kipunguze bei, bidhaa ipite Shirika la Viwango, TBS, kabla ya kuingia sokoni. Wakiungana hivyo wanaweza kumlipa fundi mmoja wa pamoja, akakaa ghorofa ya pili akipokea vilivyoharibika. Winga naye apewe kitambulisho cha mtaa na fungu linalojulikana, au aachwe kituoni.

Na lile tangazo la chini ya risiti lifutwe mwezi huu huu, bila kungoja mkutano wa jumuiya yenu ya wafanyabiashara. Mahali pake ziandikwe siku ambazo mali itapokelewa ikiwa na kasoro, na namba ya simu ya mtu atakayeipokea.