Koboko na Mwanya wa Neva

Kama una jamaa Kitui au Makueni, bila shaka umewahi kuonywa kuhusu koboko, nyoka yule mwenye kinywa cheusi. Aking'ata mtu, huenda mguu usivimbe sana, lakini kope huanguka, ulimi huwa mzito na mwishowe pumzi hukatika. Kwa nini?

Neva haigusani na msuli; kuna mwanya katikati. Mwishoni mwa neva mna vifuko vidogo mno vilivyojaa kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukifika, vilango hufunguka na kalsiamu huingia. Protini iitwayo sinaptotagmini huinasa kalsiamu hiyo, na papo hapo vifuko huungana na ukuta wa neva na kumwaga kemikali mwanyani. Yote haya kufumba na kufumbua! (Thomas Südhof, aliyeichunguza protini hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2013 pamoja na wenzake wawili.)

Sumu ya koboko huvuruga mambo pande zote mbili. Dendrotoksini huizuia neva kutulia, kalsiamu ikazidi kuingia na vifuko vikamwagika ovyo. Misuli ikaanza kuchezacheza. Sumu nyingine huziba mahali msuli unapopokelea kemikali. Misuli ya kupumulia ikikosa ujumbe, mtu hukosa hewa akiwa na fahamu zake.

Sasa niambie, chale na jiwe jeusi vitafika wapi kwenye mwanya huo? Mtulize mgonjwa, asitembee, umkimbize hospitali, akasaidiwe kupumua huku akipewa dawa ya kuua sumu.