Swali Linalokataza Ubishi

Mtihani wa fasihi ya Kiingereza hapa Kenya haukuulizi unafikiri nini. Unakuambia. Fungua karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE uone mtindo wa maswali mengi ya insha: kuna kauli, halafu unaagizwa uiunge mkono kwa mifano kutoka kwa setibuku. Alama 20. Kama unaona kauli yenyewe ni uongo, pole. Nafasi ya kusema hivyo hakuna.

Chukua A Doll's House ya Henrik Ibsen, iliyokuwa setibuku yetu. Nora anamwacha mume na watoto watatu. Ilipotoka 1879 ilizua ugomvi mkubwa, hadi Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine kwa ajili ya jukwaa la Ujerumani, ambapo Nora habanduki nyumbani. Yaani watu walibishana na tamthilia hiyo tangu siku ya kwanza. Sasa njoo darasani kwetu. Msichana mmoja aliuliza mbona hakuna anayewazungumzia wale watoto. Akajibiwa, "Hiyo haiko kwa mwongozo wa kusahihisha." Tukasonga. Tukaandika hoja nne, darasa zima hoja zile zile, kwa sababu sote tulizitoa kwa kijitabu kimoja.

Simlaumu anayenunua mwongozo. Mtahini akishaweka jibu ndani ya swali, kilichobaki ni kuokota ushahidi, na ushahidi unauzwa dukani ukiwa tayari umepangwa. Kwa nini basi usome kitabu kizima?

Sasa walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 wanaweza kuchagua fasihi ya Kiingereza kama somo linalojitegemea. Vizuri. Lakini somo jipya lenye swali la zamani ni matatu mbovu iliyopakwa rangi. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka idara ya Kiingereza chuoni Nairobi ivunjwe, Afrika iwekwe katikati. Walitupigania tuchague tusome nini. Tusomeje, hilo bado. Unaweza kumpa mtoto Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet na bado ukamfanya kasuku.

Wataniuliza: kila mtu akisema lake, utasahihisha vipi? Kwa kupima ushahidi. Anayeikataa kauli na kuleta sehemu za kitabu zinazomtetea, huyo amesoma. Anayeikubali bila chochote mkononi hajasoma. Kinachohitajika ni kufuta "unga mkono" na kuandika "je, unakubali?" Hiyo haihitaji bajeti.

Na usiniambie haya ni maneno ya mtihani tu. Mwaka 2024 vijana wa nchi hii waliuchukua Mswada wa Fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakaelezana maana yake, wakasema hapana. Huko ndiko kusoma. Na walijifunza wenyewe mtaani na kwa simu, kwa sababu darasani tulizoezwa kukubali kauli ya mkubwa kisha kuitafutia hoja nne.

Kundi hili la kwanza litafika mtihani wa Gredi ya 12 mwaka 2028. KNEC ina muda wa kutosha kujifunza kuweka alama moja tu: ya kuuliza.