Mukau Haukui kwa Kalenda ya Bajeti

Kokwa ya mti wa mukau ni ngumu kama jiwe. Naiweka juu ya gogo, naielekezea kisu, nagonga, kisha naichomoa mbegu polepole isije ikavunjika. Nakata ncha yake kidogo, nailoweka usiku kucha, halafu naipasua ganda kwa wembe ndipo niioteshe mchangani. Ukiruka hatua moja, inaoza. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Kiritiri. Mche ukishashika katika ukame wetu wa Mbeere, mti utataka miaka kumi hadi kumi na mitano ndipo utoe mbao za maana.

Sasa tazama jinsi sera za Nairobi zinavyogeuka kabla mti haujakomaa. Mwaka 2016 serikali iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia. Julai 2021 ikairudisha, asilimia 16. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa tena. Mukau uliopandwa ule mwaka wa kwanza ulikuwa bado mchanga. Gesi inapopanda bei, mama aliyeanza kuizoea huweka mtungi kando na kurudia makaa, na makaa ya huku ni migunga yetu, wakati mwingine hata mukau ambao haujakomaa.

Ukataji wa miti nao vivyo hivyo. Februari 2018 ulipigwa marufuku kwa siku 90; marufuku ikadumu zaidi ya miaka mitano, hadi Julai 2023. Novemba 13 mwaka huo huo tukapewa sikukuu ya kupanda miti, kwa lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Siipingi marufuku, misitu ilikuwa inaisha. Lakini ilihusu misitu ya umma na ya jamii, na hilo halikufafanuliwa vya kutosha huku mashinani. Jirani yangu alikata miti ya shambani mwake mwenyewe, akazungushwa kutafuta kibali cha kusafirisha mbao mpaka mnunuzi akaenda zake. Msimu uliofuata aling'oa miche, akapanda muguka, majani ya kutafuna. Simlaumu hata kidogo: muguka unachumwa kila mara na ada ya shule inalipwa.

Nataka wabunge wetu wadai mambo mawili. Gesi ya kupikia isiguswe na kodi kwa miaka kumi mfululizo. Na anayepanda mukau shambani mwake aandikiwe haki ya kuuvuna na kuusafirisha siku ile ile anapoupanda, kwa karatasi ambayo waziri ajaye hawezi kuifuta.