DAKIKA MOJA YA UKIMYA HAILIPI DENI LA MAREHEMU



Ndugu zangu katika imani, posti hii ni ndefu. Asiye na nafasi sasa aihifadhi, aisome baada ya isha. Wale niliosoma nao chuo watajua mapema kwamba inawahusu. Nawaomba wasinitoe kundini kabla hawajafika mwisho.

Desemba hii tulikutana, sisi tuliomaliza chuo kimoja hapa Mtwara mwaka 2004. Chuo sikitaji, kwa sababu hakina kosa. Walimu wetu walitufundisha adabu, na baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Yaliyofanyika tumeyafanya sisi wenyewe, watu wa miaka arobaini na kitu, wenye wake, waume na watoto. Watu walitoka Dar es Salaam, Dodoma, Songea, mpaka Mwanza. Ijumaa jioni kupokeana. Jumamosi asubuhi Mikindani, kutembeza watoto kwenye Boma la Wajerumani na nyumba za kale. Mchana Msimbati, ufukweni. Usiku hafla ukumbini. Jumapili chai, picha na kuagana.

Niseme la kwanza ili nisieleweke vibaya: kukutana kwa watu waliosoma pamoja si haramu. Kuna sauti inazunguka kwenye simu, mhubiri mmoja anasema mikutano hii yote ni bidaa. Simuungi mkono. Bidaa ni katika ibada, na watu kukumbukana ni katika ada, na asili ya ada ni ruhusa mpaka lije la kuikataza. Zaidi ya hapo, kulinda urafiki wa zamani ni katika mwenendo wa Mtume (s.a.w). Imepokewa kwa Bukhari na Muslim, kutoka kwa Bibi Aisha (r.a), kwamba Mtume alikuwa akichinja mbuzi, anamkata vipande, kisha anavipeleka kwa marafiki wa Bibi Khadija. Bibi Khadija ameshafariki! Na bado nyama inafika kwa rafiki zake. Bibi Aisha mwenyewe akaona wivu juu ya mke ambaye hakuwahi kukutana naye katika ndoa ile.

Shikeni mfano huo wa nyama, kwa sababu ndio mizani yangu leo. Urafiki wa zamani katika Sunna ulikuwa unatoka nyumbani kwenda kwa mwenzako. Wetu ulikuwa unamtaka mwenzako alipe kwanza ndipo aingie.

Mchango ulikuwa shilingi 120,000 kwa mhitimu, 50,000 kwa mwenza, 20,000 kwa kila mtoto. Sare ya fulana na kitenge 35,000, mbali. Mtu mwenye mke na watoto watatu, akinunua sare yake peke yake, anatoa 265,000 kabla hajapanda basi. Kwa mwenzetu aliye bandarini au kwenye kampuni ya gesi hiyo si habari. Lakini tunao wenzetu ambao hawakufika huko. Yuko mmoja aliyeacha kazi zamani, sasa anaendesha bodaboda. Alipofika tarehe ya mwisho hajalipa, mratibu akaandika kwamba kundi libaki na watu walio makini, na jina lake likaonekana: ametolewa. Hakuna aliyeuliza. Wengine waliweka kidole gumba. Mimi nilisoma nikapita.

Jumamosi ile basi letu linaingia Mikindani, muziki juu, bendera ya kundi dirishani, na yeye yupo kijiweni na wenzake. Nilimwona. Alituangalia, akashusha kofia, akawasha pikipiki akaondoka. Abiria hakuwa naye.

Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba chakula kiovu ni cha karamu ambayo wanaitwa wenye nacho na wanaachwa masikini. Iko kwa Bukhari na Muslim, kwa njia ya Abu Huraira. Najua atatokea msomi wa comenti aniambie, "Shehe, hiyo ni ya walima wa ndoa." Ndiyo, ni ya walima. Na walima ni jambo lililosisitizwa katika dini. Ikiwa karamu iliyosisitizwa na dini inaharibika kwa kumwacha masikini, hii yetu ambayo dini haikuisisitiza itasalimika kwa lipi? Kwa keki?

Mtaniambia gharama lazima zipatikane. Kweli. Lakini sisi ni watu wa kusini, tunajua kuchangiana kulikuwaje. Mwenye korosho alitoa fedha, mwenye mpunga alitoa mchele, asiye na kitu alichota maji na kupasua kuni, na wakati wa kula sahani ni moja. Nani aliyekuwa anasimama mlangoni na daftari?

Sala nitaigusa kwa ufupi, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa haina mjadala. Tuliondoka Msimbati jua linazama. Basi likapita Madimba kwenye mitambo ya gesi watu wanaimba, tukafika mjini watu wakakimbilia kuoga na kuvaa, hafla ikaanza saa mbili. Magharibi ya wengi wetu ilipotea kati ya mchanga wa pwani na kioo cha kujipambia. Waliotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, ni wasafiri. Kwa masharti yake wana ruhusa ya kuchanganya magharibi na isha, na isha waifupishe rakaa mbili. Allah amewapunguzia, na hata hicho kilichopunguzwa hakikusaliwa. Sisi wenyeji wa Mtwara ruhusa hiyo hatuna, Msimbati haifiki umbali wa safari. Ratiba ilikuwa na dakika 20 za "kupiga picha za droni". Basi.

Sasa ukumbini. Mshereheshaji akapanda na mchezo wake: anaita "kapo za zamani". Fulani na fulani, mliokuwa mnasubiriana nyuma ya bweni, njooni mbele! Baba wa watoto wanne akasukumwa mbele akashikanishwa mkono na mke wa mtu, ukumbi unapiga vigelegele, simu zinarekodi. Mkewe alikuwa meza ya tatu. Amepakata mtoto, anatabasamu tabasamu lile ambalo kila mwanamume aliyeoa analijua na hujifanya halijui. Binti yake mkubwa, darasa la sita, aliinamisha kichwa.

Nikamwambia mratibu, akanijibu, "Ustadh, ni utani tu." Ndugu yangu, usinifundishe utani. Nimezaliwa huku. Utani wa wazee wetu ulikuwa na mipaka yake na kazi yake. Mtani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika msibani, anahudumia watu, anafanya yale ambayo mfiwa hana nguvu ya kuyafanya, na hapohapo anamchekesha asife kwa huzuni. Utani wa kumvua mwanamke heshima mbele ya watoto wake umetoka wapi? Na huyo mume wa yule dada, ambaye hakuja, video imemfikia kabla mkewe hajafika nyumbani.

Haya nimeyataja, lakini siyo yaliyonitoa usingizini.

Saa nne usiku taa zikapunguzwa. Kwenye ukuta ikawekwa picha ya mwenzetu aliyefariki mwaka 2022. Namwita Mwenzetu tu. Aliacha ualimu mapema, akarudi kwenye mikorosho ya baba yake. Mtu wa kucheka, mtu wa kuazimisha kila kitu. Mshereheshaji akasema tusimame dakika moja ya ukimya. Tukasimama. Wapo waliolia, na sidhani walikuwa wanaigiza. Dakika ikaisha, mshereheshaji akasema, "Marehemu asingependa tuhuzunike," na ngoma ikapigwa palepale.

Jumapili nikaweka picha zangu mtandaoni, nami nimo, nimevaa ile fulana. Jioni nikapata ujumbe kutoka kwa mdogo wake marehemu. Aliandika hivi: "Shehe, nimemwona kaka ukutani. Samahani, fulana hizo ni bei gani?"

Nilidhani anataka kununua. Nikampigia. Ndipo nikaelezwa.

Mwenzetu alikufa na deni. Dukani kijijini 240,000. Fedha ya salfa ya mikorosho 200,000. Na 300,000 aliyokopa alipougua, kwa wale tunaowaita kausha damu, ambao sasa wanadai 900,000. Hakuacha mali ya kulipia. Mikorosho ni ya baba yake, na mzee bado yu hai. Mjane yuko na watoto watatu kijijini, bonde la Ruvuma, njia ya Kilambo, upande huohuo wa kusini tulikokwenda kuogelea. Kijana mkubwa ameacha shule, anabeba chumvi kwenye mashamba ya chumvi. Mwenye duka ni muungwana, amenyamaza. Wale wengine hawanyamazi.

Tuhesabu pamoja. Hiyo 900,000 msiitazame, nyongeza yake ni riba, na Qur'ani katika Suratul Baqara imempa mkopeshaji haki ya rasilimali yake tu. Kwa hiyo deni la marehemu kisheria ni 740,000. Sisi tulionunua sare tulikuwa 43. Mara 35,000 ni 1,505,000. Yaani vazi tulilolivaa siku moja na nusu lilitosha kulilipa deni lake mara mbili, na 25,000 ikabaki. Sijagusa keki, sijagusa droni, sijagusa yale makasha yaliyoingizwa kwa mlango wa nyuma ambayo kila mtu alijifanya hayaoni kwa sababu mimi nipo.

Sasa sikieni habari ya Abu Qatada (r.a). Ililetwa jeneza mbele ya Mtume (s.a.w) ili amsalie maiti. Akauliza kama ana deni. Wakasema anadaiwa dinari chache. Akauliza kama ameacha kitu. Wakasema hapana. Akawaambia wamsalie wenyewe mwenzao, yeye hakusogea. Hapo Abu Qatada akasema deni lile liwe juu yake, na Mtume akasali. Asili yake iko kwa Bukhari. Katika mapokezi ya Imam Ahmad kutoka kwa Jabir kuna jambo ambalo mara nyingi halisimuliwi: Mtume alikutana na Abu Qatada baadaye akamuuliza zile dinari zimefikia wapi. Akajibu kwamba mtu mwenyewe amekufa jana tu! Siku iliyofuata akamuuliza tena. Alipojibu kwamba ameshalipa, ndipo Mtume akasema kwamba sasa mwili wa yule maiti umepoa.

Jana tu amekufa, na Mtume anafuatilia. Wetu ana zaidi ya miaka miwili.

Angalieni pia nani alilibeba deni. Haikutajwa kwamba Abu Qatada alikuwa mrithi wake. Alikuwa mtu aliyesimama katika safu moja na wengine. Sisi tulilala bweni moja na Mwenzetu, tulikula ugali wake wa kuazima, tulinakili madaftari yake. Ukituuliza sisi ni nani kwake, tunasema "familia". Limeandikwa kwenye fulana, mgongoni, kwa herufi kubwa.

Dakika ya ukimya siwatukani walioiweka. Walikusudia heshima, na tumeizoea kwenye shughuli za serikali. Lakini maiti wa Kiislamu ananufaika na nini ukimya wetu? Mtume alipomaliza kuzika aliwaambia watu wamwombee ndugu yao msamaha na uthabiti, maana saa ile anaulizwa. Alipouawa Jaafar (r.a) aliagiza familia yake ipikiwe chakula. Dua, chakula, deni. Yote yana sauti au yana mkono. Sisi tulichagua jambo pekee lisilo na gharama.

Na mimi nimo. Mwaka ule wa msiba nilituma 10,000 kwenye kundi, nikaandika innaa lillaahi, nikashusha posti nzuri juu ya mauti. Watu wakaisambaza sana. Sikuuliza kama ana deni, mimi ninayefundisha kila Ramadhani mlango wa madeni. Kabla ya kaburi lake kufunikwa nilikuwa nimeshaondoka, nina darsa mjini. Nimeitubia, na sidhani kutubia bila kulipa kunatosha.

Juzi nimelifikisha hili kwenye kundi. Majibu yalikuwa ya aina mbili. Wapo walionipigia pembeni, kimya kimya, wakiwemo wawili wasio Waislamu, na Allah awaongoze na awalipe. Na mwekahazina akaniandikia kwamba kundi si baitulmali, na kwamba salio lililobaki, 610,000, limeshatengwa kama malipo ya awali ya mkutano ujao Unguja, ambao mchango wake utakuwa 400,000 kwa kichwa.

Ndugu mwekahazina, nakujibu hapa kwa kuwa kule umefunga watu wasiandike. Fedha ile ni ya waliochanga, na mimi ni mmoja wao. Fungu langu la salio lipeleke dukani kwa yule mzee. Ninaomba kila aliyechanga aulizwe kwa jina lake kama anaridhia la kwake liende huko, maana mali ya mtu haiendi ila kwa ridhaa yake, kwa Unguja na kwa Kilambo vilevile. Na mwenzetu wa Mikindani arudishwe kundini kwa kuombwa radhi na aliyemtoa.

Ijumaa baada ya sala nakwenda Kilambo. Gari lina viti vinne, wawili wameshaniahidi. Kwa mkopeshaji nitakwenda na wazee wa msikiti, tumlipe 300,000 yake mbele ya mashahidi. Anayetaka kuja anitumie ujumbe, na aje na nguo ya kawaida.

Wabillahi tawfiq.