Mkono wa Kupokea Tu

Kuna maneno mawili ambayo hapa Dodoma yamekuwa jibu la kila swali: mtandao mbovu. Muulize kijana mbona faili lake halijashuka tangu jana, atakujibu mtandao mbovu. Muulize fundi wa simu pale karibu na Soko la Majengo, naye atasema hivyo hivyo, kisha atakuongezea kwamba simu yako imezeeka. Mimi mwenyewe niliyatumia maneno hayo kwa miaka. Leo nataka kuyapinga. Siyapingi kwa kuwa mtandao wetu ni mzuri, la hasha! Nayapinga kwa sababu yanatufunga macho tusione ubovu uko wapi hasa, na tusione ile sehemu ya ubovu ambayo ni yetu sisi wenyewe.

Nianze na mkasa ulionifikisha hapa. Shule moja ya sekondari wilayani Bahi, ambako nilifundisha kabla ya kustaafu, ilipewa kompyuta kumi na moja kuukuu mwezi Septemba 2025. Mwalimu mkuu, aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani, akanipigia simu. "Shikamoo mwalimu. Tumepata mashine, lakini zimejaa virusi na hapa shuleni hakuna intaneti." Nikamwahidi kwamba Jumatatu ya pili yake ningefika na Debian, mfumo wa kompyuta usiouzwa, toleo la 12 la mwaka 2023, ambalo bado lina diski ya kusimikia kwenye kompyuta za zamani za biti 32. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, limekwisha kuziacha mashine hizo. Diski nzima, pamoja na programu za kuandikia na za kufanyia hesabu, ni faili moja la karibu gigabaiti nne.

Mimi nina simu tu. Nyumbani kwangu Area C hakuna kompyuta wala waya wa intaneti. Nikaamua kulichukua faili hilo kwa torenti.

Torenti, kwa msomaji asiyeijua, ni njia ya kugawana mafaili mtu kwa mtu, aliyoibuni Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001. Badala ya watu wote kwenda kuchota kwenye ghala moja, faili hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila aliyepata kipande humpa mwenzake asiye nacho. Mtandao ukikatika saa nane ya usiku huanzi upya. Vipande ulivyonavyo vimekwisha kuhakikiwa, na unaendelea ulipoishia. Kwa sisi watu wa bando la usiku hiyo si anasa. Faili kubwa likishuka kwa njia ya kawaida na kukatika karibu na mwisho, mara nyingi fedha yako imekwenda na maji.

Usiku wa kwanza kasi ilikuwa kilobaiti 60 kwa sekunde. Piga hesabu: gigabaiti nne kwa mwendo huo ni zaidi ya saa kumi na nane, na bando langu huanza saa sita usiku na kufa saa kumi na mbili asubuhi. Asubuhi nikaenda kwa fundi. Alifanya mambo matatu: akafuta picha zangu za zamani, akaniwekea programu aliyosema ni ya kuongeza kasi, na akaingia kwenye mipangilio ya torenti akafunga kabisa upande wa kupakia. "Mzee, hapa ndipo bando lako linapoliwa na watu wengine," akanieleza kwa upole, akapokea shilingi elfu tano. Usiku wa pili kasi ikawa kilobaiti 20.

Jumatatu ilipofika nilipanda basi la Bahi mkono mtupu. Wanafunzi walikuwa wamefagia chumba, wamepanga meza, wamezifuta zile kompyuta vumbi hadi nyuma. Mwalimu mkuu alinipokea kwa heshima, nami sikuwa hata na haja ya kutafuta udhuru, kwa maana aliutamka yeye mwenyewe: "Si neno mwalimu. Mtandao mbovu."

Jioni ile mpwa wangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, alinipigia kunijulia hali. Nilipomsimulia akanyamaza kidogo. "Lakini mjomba, mimi ninalo lote tangu Alhamisi. Ulinitumia kile kiungo, nikalichukua chuoni, na simu yangu nimeiacha wazi ili watu wachukue." Chuo hicho na nyumba yangu havitengani hata kilomita kumi. Mtoto wa dada yangu alikuwa na faili zima mkononi, amenyoosha mkono anipe, nami simu yangu ilikuwa ikiombaomba vipande kwa watu wa Ulaya. Kesho yake alikuja kwa daladala, tukaziweka simu mbili mezani, zikaunganishwa kwa waifai yao wenyewe bila bando, na chini ya nusu saa kazi ikaisha.

Basi niulize: mtandao ulikuwa mbovu? Minara ilikuwapo. Simu yangu ilionyesha alama zote. Kwa nini watu wawili wa mji mmoja, wa ukoo mmoja, wenye nia ya kupeana, hawakuweza kuonana?

Jibu nililipata kwenye simu yenyewe. Fungua mipangilio, tafuta mahali palipoandikwa hali ya simu, utaona anwani yake ya intaneti. Ikiwa inaanza na 10, au inaanza na 100 ikifuatiwa na namba yoyote kati ya 64 na 127, fahamu kwamba hiyo si anwani ya dunia. Ni namba ya chumba. Fikiria nyumba ya kupanga yenye wapangaji mia na geti moja tu. Mpangaji akitoka kwenda dukani hurudi bila shida, kwa sababu mlinzi alimwona akitoka. Lakini mgeni akija kubisha hodi, mlinzi hajui ni wa chumba gani, basi humfukuza. Ndivyo kampuni za simu zinavyotuweka: maelfu ya simu nyuma ya anwani moja. Kwa kusoma habari au kutazama video hutaona tofauti, maana wewe ndiye unayetoka. Kwa torenti tofauti ni kubwa. Unaweza kuwaendea wengine, lakini hakuna awezaye kukujia, na mkiwa wote wawili nyuma ya mageti, mara nyingi hamwonani kamwe. Mpwa wangu nyuma ya geti lake, mimi nyuma ya langu. Yule mtu wa Ulaya, aliye na mlango wake wa barabarani, ndiye tuliyemtegemea sote.

Wataalamu watanijibu kwamba anwani za aina ya zamani hazitoshi, na ni kweli. Zote duniani ni kama bilioni 4.3, nyingi zilichukuliwa na nchi tajiri mapema, na AFRINIC, shirika la Mauritius linalozigawa kwa bara letu, liliingia katika hatua ya mwisho ya kugawa masalio Januari 2020. Hata hicho kidogo kikagombaniwa: mwaka 2021 mzozo juu ya mamilioni ya anwani zilizotolewa na shirika hilo na kutumika nje ya Afrika ulifika mahakamani huko huko Mauritius. Mashamba ya bibi, kila mtu anavuna. Lakini dawa ya upungufu huo ipo tangu miaka ya 1990. Ni anwani za aina mpya, za toleo la 6, ambazo ni nyingi kiasi kwamba kila simu ya Tanzania ingeweza kupewa yake na za akiba juu. Kinachohitajika ni kampuni kuzigawa, na zikizigawa zisiweke tena mlinzi wa kufukuza kila abishaye hata pale mwenye chumba anapotaka mgeni. Ninachokipinga ni kuuziwa nusu ya kitu kwa jina la kitu kizima. Intaneti ilikusudiwa kila aliyemo aweze kusema na kusikia. Sisi tumeuziwa sikio, mdomo wamebaki nao wao, na tukilalamika tunaambiwa tununue simu mpya.

Sasa nigeukie upande wetu, maana si haki kuwasema wenye kampuni tukajisitiri wenyewe. Ule ushauri wa fundi wa kufunga kupakia umeenea mjini kama surua. Kila kijana niliyemuuliza amefunga, na faili likimalizika tu huifuta programu upesi kana kwamba amekimbia deni. Cohen aliliona jambo hili mapema, akaijenga torenti juu ya kanuni ya nipe nikupe. Wale wenye faili zima hawakudai kitu. Lakini wenzako mnaopakua pamoja, kila baada ya sekunde kama kumi, simu zao hupima nani anawapa, na wanaowapa ndio wanaopewa. Wasiotoa huachiwa nafasi moja ya bahati nasibu inayozungushwa kila nusu dakika. Fundi wangu alinitoa kwenye foleni ya watu akaniweka kwenye foleni ya ombaomba, kisha nikamlipa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumelikataa jembe tangu siku ya kwanza, halafu tunashangaa chakula kinachelewa.

Simwambii mtu aache kupakia kukimbie ovyo. Hilo nalo ni kosa, na ndilo lililowatisha mafundi. Njia ya kupandisha kwenye simu ni nyembamba kuliko ya kushusha, na ikijaa kabisa, hata zile taarifa fupi za "nimepokea, lete kingine" hukwama, na kushusha kukazorota. Pima kasi yako ya kupandisha, kisha uiruhusu torenti itumie kama robo tatu yake, si zaidi. Punguza idadi ya watu unaounganishwa nao kwa mara moja. Simu yangu ilikuwa imewekewa mia mbili, nikaishusha hadi hamsini ikatulia. Iondoe programu hiyo kwenye orodha ya zile zinazolazwa ili kuokoa betri, la sivyo ukizima kioo nayo inasinzia, nawe asubuhi unalaumu mnara. Chagua faili lenye wagawaji wengi hai kuliko lile lenye jina zuri. Tena usidanganywe na hesabu: matangazo husema megabiti, programu huonyesha megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane.

Wako watakaosema kwamba torenti ni njia ya wezi wa filamu. Wanaoitumia hivyo wapo, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inawahusu. Lakini barabara ya Dodoma kwenda Singida nayo hupitisha mbao za wizi, na hatujaing'oa lami. Wengine hushauri VPN. Zipo VPN chache zinazokupa mlango wako mwenyewe, na hizo husaidia kweli. Nyingi nyingine zinakuhamisha tu kutoka geti moja kwenda jingine. Msomaji akumbuke pia kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa kwake. Mzee mzima aandike barua ya maelezo ili apokee diski ya shule kutoka kwa mpwa wake!

Mnamo tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na nchi nzima ikakaa siku kadhaa ikivutavuta kurasa zisizofunguka. Mikongo ya ndani ya nchi haikuwa imekatika. Dar es Salaam na Dodoma zilikuwa bado zimeungana, na vitu vingi tulivyovitafuta siku zile vilikuwa tayari ndani ya simu za Watanzania wenzetu, jirani kwa jirani. Havikuweza kutoka, kwa kuwa havina mlango, na kwa kuwa wenye navyo walikwisha kufunga mkono.

Kompyuta za Bahi zilisimikwa wiki mbili baada ya siku niliyoahidi. Tisa zilikubali, mbili zilikuwa zimekufa kweli. Faili lenyewe sijalifuta. Kila usiku bando likianza naichomeka simu kwenye chaji, naiacha juu ya kabati wazi, nikiwatafuta mimi wale wanaolihitaji kwa kuwa wao hawawezi kunitafuta. Kampuni yangu nimekwisha kuiandikia mara mbili kuuliza ni lini laini yangu itapewa anwani yake yenyewe. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa ujumbe mfupi wa kunitangazia bando jipya la usiku.